Pombe ya Mahari Bado Inachemka, na Baba Mkwe Hasikii

Mpendwa Bi. Kavata,

Nakuomba msaada, na nakuomba unisaidie upesi, maana kila wiki nimekuwa nikisoma majibu yako gazetini huku nikisema moyoni hawa watu wana shida za kujitakia, na sasa yamenifika mimi na sina pa kukimbilia, mume wangu ananiambia ninyamaze na mchungaji siwezi kumwuliza kwa sababu jambo lenyewe ni la pombe, na mimi ni mama wa kanisa, wa chama cha akina mama, sijawahi kuonja hata tone tangu nibatizwe.

Ninaishi Uthiru katika boma la baba mkwe wangu, Mzee Zachariah, ambaye tumekaa naye tangu mama mkwe atutoke, na kabla sijasema neno lolote linaloweza kusikika vibaya nataka ujue kwamba nampenda huyu mzee. Nilipoolewa baba yangu alikuwa ameshafariki, na huyu ndiye aliyenichukua kama mtoto wake, nilipojifungua kifungua mimba wangu aliniletea uji wa wimbi kitandani kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo wazee wa rika lake hawafanyi hata ukiwalipa, na majirani walimcheka naye akawaambia wacheke wakimaliza waje waoshe kikombe. Mtoto huyo ni wa kiume na kwa desturi yetu sisi Wakikuyu akapewa jina la babu yake, kwa hivyo naye ni Zachariah, sisi tunamwita Zaka, lakini mzee hamwiti Zaka, anamwita Mimi Mdogo. Tangu mtoto akiwa wa kubebwa mgongoni ni hivyo tu, "Mimi Mdogo amekula? Mimi Mdogo amevaa sweta?" Na sasa Mimi Mdogo amekuwa mtu mzima ana kazi na amepata mchumba, binti wa watu wazuri wa Kinoo, na ndipo shida yangu inapoanzia.

Siku ya kupeleka mahari upande wa mwanamume ndio hupeleka pombe ya asali, muratina, na mzee aliapa siku ile ile mtoto alipozaliwa kwamba pombe ya siku hiyo ataipika yeye na si mtu mwingine. Wewe Bi. Kavata kwa jina lako naona unatoka Ukambani kwa hivyo hii habari unaijua, lakini kwa wasomaji wengine ni asali na maji na yale matunda ya mti wa muratina yaliyokaushwa juani, mzee hatii hamira ya dukani, anasema hamira imelala ndani ya matunda kutoka pombe iliyopita, unaiamsha tu kwa asali na joto. Basi inakaa kwenye kibuyu kikubwa karibu na moto katika thingira, yaani nyumba ya mzee mwenyewe, inachemka bila kuchemshwa mpaka itulie, na ikitulia ndiyo imeiva. Na kujua kama imetulia mzee huweka sikio kwenye tumbo la kibuyu. Ikinong'ona, bado. Ikinyamaza, tayari. Hajawahi kukosea, watu walikuwa wakitoka hadi Kangemi kumwita akawasikilizie vibuyu vyao.

Sasa Bi. Kavata, mzee hasikii.

Hakuamka siku moja akawa hivyo, imekuja polepole tangu ule mwaka wa vyama vingi, kwanza akawa anasema watu wa siku hizi wanaongea ndani ya meno, halafu redio ikaanza kupanda, sasa hivi matangazo ya vifo ya jioni yanasikika kwetu mpaka barabara kuu na watu wakipita wanasimama langoni kusikiliza kama kuna wa kwao. Tulimpeleka zahanati kwa kisingizio cha goti, daktari akajaribu kumgusia habari ya masikio, mzee akamwambia, "Wewe ndio unanong'ona. Ongea kama mwanaume." Hapo yakaisha, na hakuna aliyethubutu tena.

Zamani alikuwa akisikiliza kibuyu peke yake, macho ameyafumba, na mwanamke hakuruhusiwa hata kukanyaga kizingiti cha thingira wakati pombe imo ndani, ilisemekana itaharibika. Lakini tangu masikio yaanze kumpotea ameanza kuniita. Ananiita mimi, si Haron mume wangu, na Haron ni mwanawe wa kumzaa na mara nyingi yuko hapo hapo kwenye kigoda anasoma gazeti. "Mama Zaka! Kuja hapa." Naingia, nasimama mlangoni kwa heshima, naye anainama anaweka sikio kwenye kibuyu, na siku hizi hafumbi macho, ananitazama usoni, halafu anauliza, "Hii kitu imenyamaza, ama?" Nami namjibu kama mkaza mwana aliyelelewa anavyojibu, "Imenyamaza, baba." Ningesema nini Bi. Kavata? Kibuyu chenyewe nakisikia nikiwa pale mlangoni kinachemka kama sufuria ya maharagwe, lakini mtu mzima ameshaweka sikio lake, mimi ni nani nimbishie pombe yake? Nafikiri uzee umemsahaulisha desturi, ama anataka nishuhudie ustadi wake kabla Mungu hajamchukua.

Krismasi iliyopita ndipo mambo yalipoharibika. Baba wa msichana ni mzee wa kanisa, na alituma neno kwamba mila ifuatwe, yeye hana neno na mila, ila kibuyu kisionekane kikiingia langoni kwake kwa sababu mchungaji atakuwepo, tuweke pombe kwenye chupa ionekane kama sharubati. Basi tukasema tujaribu kwanza na pombe ya Krismasi. Haron anafanya kazi Ngara katika duka la vyombo la Bwana Indravadan, akaleta chupa za kioo nzuri sana zenye vifuniko vya kuzungusha. Mzee akaniita, akaweka sikio, akauliza, nikajibu, tukajaza chupa mpaka shingoni na Haron akakaza vifuniko kwa nguvu zake zote, tukazipanga kwenye kabati la sebuleni.

Kabla wiki haijaisha chama chetu cha akina mama kikawa na maombi nyumbani kwangu. Tuko katikati ya maombi, macho tumefumba, tukasikia mlio. Wa kwanza tulidhani ni gurudumu la lori limepasuka kule barabarani. Wa pili ukafungua mlango wa kabati. Virginia, mwenyekiti wetu, akapiga ukemi, "Majambazi! Laleni chini!" na akina mama wote tukajitupa kifudifudi kwenye zulia na Biblia zetu, na chupa zikaendelea kulia moja baada ya nyingine, vioo huku, povu kule, vitambaa vyangu vya kochi nilivyofuma kwa mkono vyote vikalowa. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia zaidi ya mkwaruzo. Zilipomalizika tukabaki tumelala, na ndipo mzee akaingia kutoka kwa mbuzi wake, fimbo mkononi, akatuangalia, akauliza kwa upole kabisa, "Hawa mama wanaomba wakiwa wamelala? Hii ni kanisa gani?"

Hakuwa amesikia hata moja, Bi. Kavata. Hata moja. Mimi pale chini nililia, na watu walidhani nalia kwa hofu. Virginia akainuka, kofia inadondoka, akanusa mkono wa gauni lake, akaniambia, "Mama Zaka, hii juisi yako iko na umri gani?"

Haron akamwambia baba yake kwamba chupa zilikuwa mbovu, ili asimuumize. Mzee akachukua kofia yake na fimbo yake akaenda mpaka Ngara. Haron anasema alitamani ardhi impasukie. "Indra, wewe uliuzia kijana yangu chupa mbovu!" Na Bwana Indravadan, ambaye ni mtu wa watu na hajui lolote, akamvutia kiti, "Pole mzee, pole sana. Kuja kaa, kunywa chai. Mimi iko na ingine, nguvu kabisa," akaomba msamaha kwa kosa ambalo si lake na akampa chupa nyingine bure zenye vifuniko vile vile, na hizo ndizo zimepangwa sasa hivi zikisubiri pombe ya mahari.

Maana kibuyu kimeshawekwa karibu na moto. Mzee alichagua matunda moja moja juani, asali aliitafuta mwenyewe, siku hizi anaimba akiamka, chifu ametupa kibali cha pombe ya siku hiyo, na Mimi Mdogo anakuja kila Jumapili kumwamkia babu yake na kuangalia kibuyu kama mtu anayeangalia mtoto aliyelala. Siku yoyote kuanzia sasa nitaitwa.

Haron ana mpango wake. Anasema tumwache mzee apike, asikilize, ajaze chupa zake na afurahi, halafu usiku wa kuamkia safari tuzitoe zile tumwage kwenye nyasi za ng'ombe na tuweke chupa nyingine za muratina iliyoiva, atainunua kwa mzee mmoja anayemjua. "Mzee hatajua," ananiambia. Ameshalipa rubuni ya hiyo pombe ya watu. Nami nikimfikiria mzee ameketi pale Kinoo na wazee wenzake wanaonja na kumwambia Zachariah mkono wako haujapotea, naye anacheka, na kumbe ni mkono wa mtu mwingine, roho inanikataa kabisa. Lakini tukiacha yake na ipasuke mbele ya wakwe, mbele ya mchungaji, ikate mtu uso, na wazee waseme ni ishara mbaya juu ya hii ndoa? Na nikimwambia kwamba hasikii nitakuwa nimemnyang'anya kitu cha mwisho alicho nacho, tena mimi, mtoto wa kuja.

Naomba unielekeze nimwambieje mzee kwamba hasikii bila kumvunja, ama kama nikubali mpango wa Haron na nimwombe Mungu anisamehe. Silali.

Wako katika mashaka,
Mkaza Mwana, Uthiru.


BI. KAVATA ANAJIBU

Mkaza Mwana,

Pole mama. Na nikishakupa pole, hebu jishike masikio yako mawili, maana wewe unayo mazima, na hapo ndipo penye tatizo letu.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikacheka mpaka mhariri akatoka chumbani kwake kuja kuona kama niko salama. Huyo Virginia wenu nampenda bure. Halafu nikaisoma tena na sikucheka, kwa sababu nimeona kitu ambacho wewe umekiandika kwa mkono wako mwenyewe na hukukiona.

Unaniuliza umwambieje mzee kwamba hasikii. Mama, mzee anajua! Kiziwi si wa mwisho kujua habari za uziwi wake, ni wa kwanza. Mtu aliyesikiliza vibuyu maisha yake yote, akafumba macho na kibuyu kikamwambia kila kitu, siku kibuyu kilipoacha kumwambia kitu unafikiri hakushtuka? Alishtuka. Akaficha, kama wanaume wanavyoficha, akamsingizia daktari kwamba ananong'ona. Lakini pombe haidanganyiki, nayo anaiheshimu kuliko daktari. Kwa hivyo akafanya nini? Akakuita wewe.

Rudi kwenye barua yako. Umeniambia mwenyewe kwamba zamani alifumba macho na sasa anayafumbua. Anatazama nini, mama? Kibuyu? Anatazama uso wako. Umeniambia kwamba zamani mwanamke hakukanyaga kizingiti, na sasa unaitwa uingie. Ukasema uzee umemsahaulisha. Mzee anayekumbuka kuchagua matunda moja moja juani, na kiapo alichoapa siku mjukuu alipozaliwa, ndiye asahau desturi ya nyumba yake? Hakusahau chochote. Na umeniambia kwamba kila mara anakuuliza, "Imenyamaza, ama?" Tangu lini fundi akamwuliza mkaza mwana kuhusu kazi ya mikono yake ili amsifu tu? Alikuwa anakuuliza kwa sababu alitaka kujua.

Na wewe ukamjibu nini? Imenyamaza, baba. Huku unaisikia inachemka kama maharagwe!

Nitakwambia ukweli na usikasirike. Chupa zako hazikupasuliwa na uziwi wa mzee, na huyo Indravadan wa watu hana hata tone la hatia. Chupa zilipasuliwa na adabu yako. Ulimwona baba mkwe ananyoosha mkono gizani kutafuta wa kumshika, ukampigia magoti badala ya kumpa mkono. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, na wewe mshindo wenyewe uliusikia ukiwa umelala kwenye zulia.

Sikuchapi sana. Tumelelewa hivyo sote. Tulifundishwa kwamba mtu mzima akiuliza anataka kuitikiwa, na wapo wazee wengi wanaotaka hivyo hasa, wengine ndio walionizaa. Huyu wako si wa namna hiyo. Mtu aliyebeba uji wa mzazi mbele ya majirani wanaocheka si mtu wa kuogopa ukweli kutoka kwako. Angetaka kuitikiwa tu angemwita Haron, naye angeitikia bila kuinua macho gazetini.

Sasa tuje kwa Haron. Mwambie mpango wake nimeukataa, na kama ana neno aniandikie, nina nafasi ya kumjibu. Kumwaga pombe ya mzee kwenye nyasi za ng'ombe na kumketisha mbele ya wakwe asifiwe kwa mkono wa mtu mwingine ni kumzika akiwa kitini. Tena wazee wa Kinoo si wajinga. Mpishi wa muratina ana mkono wake kama vile mpishi wa chapati alivyo na wake, na mmoja wao ataonja, atamtazama Zachariah, na atajua. Hiyo ndiyo aibu mnayoikimbia, mnaikimbilia. Haron asitishe ununuzi, na kwa kuwa ana nguvu nyingi za kupanga mambo, nampa kazi: aende kwa baba wa msichana akamwambie kwa heshima kwamba pombe ya mahari inaingia na kibuyu chake kwa lango la mbele, mchana. Chifu ameweka muhuri, mchungaji ni mtu mzima na alizaliwa na watu waliolipa mahari. Mila haihitaji kuvalishwa kanzu ya sharubati. Kibuyu kinapumua kwa mdomo wake uliozibwa kwa majani, hakijawahi kumlaza mtu chini. (Ile pombe ya Krismasi sitauliza kama nayo ilikuwa na kibali.)

Na kama mkwe atashikilia chupa, kwa kuwa wazee wa kanisa wanajua kushikilia, basi nisikilize vizuri, maana kwetu Ukambani tuna kaluvu, pombe yetu ya asali, na mimi nimekua nikizunguka vibuyu. Sikio ni shahidi mmoja tu. Ulimi ni wa pili: asali ikikutangulia ulimini, ikawa tamu kabla ya kuwa kali, bado. Onja kwa ncha, hutatengwa kanisani kwa ncha ya ulimi, na ukiogopa mpe mzee mwenyewe aonje, ulimi wake haukuzeeka. Lakini shahidi ninayempenda ni gunzi. Jazeni chupa moja tu, acheni nafasi shingoni, mzibe kwa gunzi la mahindi, si kwa kifuniko. Iwekeni kwenye karai karibu na moto na mwiache ilale hapo. Gunzi likiruka, pombe bado inaongea, irudisheni kibuyuni bila haya. Likikaa mahali pake asubuhi, na siku inayofuata likakaa tena, jazeni zote. Gunzi halina adabu, mama, linasema kweli hata mbele ya baba mkwe. Na halisemi kwa sikio. Linaonekana kwa macho, na macho ya mzee wako, kwa jinsi anavyokutazama, hayana kasoro. Mwonyeshe. Atakuwa tena na kitu cha kumwambia pombe yake imefika wapi, bila kumwuliza mtu.

Hata siku ya safari hayo magunzi yabaki midomoni mwa chupa. Vile vifuniko vya kuzungusha rudisheni dukani Ngara, na mkienda kuvirudisha aende mzee mwenyewe na Haron, na Haron afungue mdomo wake aseme alidanganya, chupa hazikuwa mbovu. Halafu mzee amwalike Indravadan Kinoo. Mtu aliyeomba msamaha kwa kosa ambalo si lake na akatoa na chai juu, huyo mnamwacha nje ya sherehe? Awekwe mbele.

Na masikio yenyewe yaangaliwe baada ya sherehe. Isiwe kwa hila ya goti tena. Mwambieni wazi. Huenda ni nta tu imejaa, nimeona wazee wakioshwa masikio na kurudi nyumbani kulalamika kwamba redio inapiga kelele. Huenda si nta. Vyovyote iwavyo hatapungua, mradi asiwe peke yake ndani ya kile kimya. Nafikiri ndicho kilichokuliza pale kwenye zulia, ulimwona amesimama mlangoni na dunia nzima inapasuka na yeye yuko mbali. Umesema ulilia. Nimeamini mapenzi yako hapo, si kwenye yale maneno ya mwanzo wa barua.

Jambo la mwisho. Umejiita mtoto wa kuja. Acha hilo neno, tena liache leo. Mzee Zachariah ana desturi moja aliyoilinda tangu ujana wake, mwanamke asifike penye kibuyu, na akaivunja yeye mwenyewe kwa mkono wake, kwa ajili ya pombe aliyoisubiri tangu mjukuu alipozaliwa. Mwanawe wa kumzaa alikuwa ameketi pale pale na masikio mazima. Hakumwita. Alikuita wewe, na akakuita tena, na akakuita tena, na kila mara ukasimama mlangoni.

Basi usingoje kuitwa. Ukishaweka gazeti hili chini, piga hodi uingie mpaka ndani. Piga magoti upande wa pili wa kibuyu, weka sikio lako pale anapoweka lake, uso wako mbele ya uso wake. Usimwambie hasikii. Mwambie kile unachosikia wewe. "Baba, bado inaongea. Tuingoje pamoja."

Na useme kwa sauti, mama. Mzee hasikii.

Akupendaye hata akikugombeza,
Bi. Kavata